Kipimo cha Shangazi

Kazi yangu Mbeya ni kukaa mbele ya kompyuta na kukisia lini vijito vitakauka. Watu wanadhani ukame wa mto huja siku mvua inapogoma. Wapi! Mvua ikikatika, udongo ndio unaotangulia kukauka. Mlima una maji yake ndani, unayaachia taratibu kwenye chemchemi, kama mtungi unaovuja. Kijito huwa cha mwisho kupata habari. Modeli yangu ni mtungi huo huo, ila kwa hesabu: yaliyoingia, yanayovuja, yaliyobaki.

Mwaka jana mvua zilikatika mapema, na kijito nilichokipigia hesabu kilikuwa cha kwetu Kilolo. Ndicho kinachonywesha kinyungu cha shangazi, bustani yake ya bondeni ya kiangazi. Aliniuliza kwenye simu kama apande njegere. Panda, nikamwambia, maji yatatosha mpaka zibebe. Akapanda bonde zima kwa neno langu.

Nilikuwa nimesimika kijitoni ubao wa kupimia kina, juu kidogo ya bustani, na kila asubuhi shangazi ndiye aliyenisomea kwa simu. Mwanzoni maji yalishuka kama modeli ilivyosema. Kisha yakasimama. Halafu, jamani, yakapanda! Kiangazi kikali vile, na kijito kinajaa. Nikabadilisha hesabu, nikazirudisha, nikaigombeza kompyuta. Wenzangu ofisini wakanicheka, eti labda kwetu mito inapanda mlima. Nikakasirika, nikakata tiketi ya basi.

"Kamwene, mwanangu!" Shangazi alinipokea kwa vigelegele, hata chai sijanywa, akanivuta kwenda kuona ubao.

Ubao ulisimama kwenye dimbwi zuri, bata wangeweza kuogelea. Hatua chache kuelekea bondeni palikuwa na ukuta wa mawe na migomba, umeshindiliwa udongo vizuri kabisa. Nikatazama bustanini. Mfereji mkavu, njegere zimelegea, maua yamejikunja. Niliumia, maana ni mimi niliyemwambia apande.

"Shangazi, nani kaziba hapa?"

"Mimi."

"Wewe? Na njegere zako?"

"Nikikusomea maji yameshuka, ulikuwa unaguna. Mmh! Mmh! Kama mgonjwa. Nikasema, hawa wa ofisini watamfukuza mtoto wa kaka yangu. Njegere nitapanda tena mwakani."

Loh! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope. Nilikuwa nikiguna kwa furaha, maana modeli ilikuwa inapatia! Nikajaribu kumweleza kwamba mimi silipwi ili kijito kijae, nalipwa ili nijue kinakauka vipi. Aliitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ile wanayomtulizia mtoto mwenye homa.

Nikavua viatu, tukabomoa ukuta. Maji yakateremka mbio, yakaingia mferejini, yakazifikia njegere za mwanzo. Yalikuwa machache, lakini ya kuziokoa yalikuwepo. Shangazi wala hakugeuka kuyaangalia. Alikuwa ameukodolea macho ubao, maji yakishuka mstari kwa mstari, mpaka yakatulia pale pale modeli yangu ilipokuwa imesema tangu mwanzo.

Nikaruka kwa shangwe. Yeye akanishika mkono wangu wenye matope, machozi yamemlenga.

"Pole, mwanangu," akasema. "Jembe la pili lipo. Tutalima wote."