Waliokataa Mkanda

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwafunga watu mkanda. Ungenikuta kwenye njia za vijiji vya Roret na begi mgongoni na kitambulisho kifuani, watu wakiniamkia, "Habari daktari," nami nikiitikia, ingawa si daktari. Nilisomea afya ya jamii, nikakaa nyumbani mpaka nikachoka kuulizwa siku hizi niko wapi, kisha nikapata kibarua kwenye utafiti uliotaka kujua watu wa vijijini wanatembea kiasi gani na wanakaa kiasi gani. Mkanda wenyewe ulikuwa wa lastiki, umeshonewa kimashine kidogo kama kiberiti. Mtu alijifunga kiunoni, akaenda nao shambani, sokoni na kanisani wiki nzima, kisha nikaufuata. Hakukuwa na sindano wala damu.

Hata hivyo watu walikataa. Msimamizi wetu, mama mmoja mtaratibu kutoka upande wa ziwa, alituambia kila tulipokutana kwamba wanaokubali hawamnyimi usingizi.

"Wenye wanapenda kutembea ndio wanakimbilia mkanda," alisema. "Mimi nataka mniambie wenye wanakataa ni akina nani. Hao ndio hatuwajui."

Mimi nilianza kuwajua. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama kimashine kingemwonyesha mke wake alikopitia. Nilimweleza kwamba hakijui njia, kinajua mwendo tu. Akasema hata huo mwendo mke wake atauliza ni wa kwenda kwa nani. Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye mguu uliovimba, aliniambia ana shughuli nyingi mno. Nilimwacha kwenye kiti nilichomkuta amekalia, na nilipopita tena jioni alikuwa bado hapo, akanipungia mkono kwa heshima zote. Na mama mmoja anayechuma chai kwenye shamba kubwa, ambako mashine za kuchuma zilikuwa zimeanza kuingia, aliutazama mkanda wangu bila kuugusa.

"Wakijua tunapumzika saa ngapi, si wataleta hizo mashine zote?" alisema. "Peleka kwa wengine, msichana wangu."

Mimi hukasirika upesi, na hao wote walinikasirisha, lakini niliwaelewa. Ambaye sikumwelewa ni mama yangu mzazi.

Boma letu lilichaguliwa kwa kura kama maboma mengine, nikafurahi. Nilijua angalau nyumbani sitasimamishwa langoni. Mama ni mtu wa kutembea. Anakamua ng'ombe, anashuka shambani na kikapu, anachuma majani ya chai, anayapeleka kwenye kituo cha kupimia, na akirudi bado anatafuta kazi. Nilimkuta akijiandaa kwenda kuchuma, amejifunga kiunoni ile karatasi ya nailoni ya kuzuia umande. Nikatoa mkanda na kuanza maelezo yangu. Hakuniacha nimalize.

"Hapana."

"Mama, hii haiumi. Hata hutajua iko hapo."

"Nimesema hapana. Kiuno yangu iko na kazi tayari."

Nilicheka. Nilidhani ni ukaidi tu, na kwa ukaidi sisi wawili tumetoka kitambaa kimoja. Nikamwambia kwamba ananiaibisha, kwamba nitasemaje kazini ikiwa hata mama yangu ananikataa. Alinitazama kidogo, akafungua nailoni, akainua sweta.

Chini yake kulikuwa na mkanda mwingine. Ulikuwa wa ngozi, mweusi kwa mafuta ya miaka mingi, umeshonewa kauri ambazo baadhi zilikuwa zimeng'oka. Kwetu Wakipsigis tunauita leketyet. Ni mkanda ambao mwanamke hujifunga akishazaa, na huo niliutambua. Ulikuwa wa nyanya yangu. Mara ya mwisho nilikuwa nimeuona ndani ya sanduku, nikiwa mtoto.

Sikuhitaji kuuliza aliufunga lini. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ambaye kwa desturi yetu ndiye hubaki na nyumba ya mama, alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi ya ulinzi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Kisha simu zikachelewa, kisha ikawa ni sisi tunaopiga, kisha simu ikawa haipatikani. Ofisi iliyompeleka tuliikuta imefungwa, na wa duka la jirani hawakujua waliohama wameenda wapi.

"Nyanya yako alinifundisha," mama alisema. "Kijana akitoka kwenda mahali kuna hatari, mama yake anafunga. Hafungui mpaka akanyage hapa nyumbani. Nikifungua na yeye bado ako huko, nimemwachilia."

"Na kanisani wanajua?" nilimuuliza. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, na mambo kama hayo hayasemwi pale.

"Mungu anajua. Wengine sijawauliza."

Nikajaribu tena, maana kazi ni kazi. Nikamwomba avae wa lastiki juu ya ule wa ngozi. Alikataa, akisema hawezi kuweka ya watu juu ya ya mtoto wake. Akashusha sweta, akafunga nailoni yake vizuri, akatelemka shambani.

Msimamizi aliponiuliza kwa nini boma lile lilikataa, sikumwambia ni kwa mama yangu, nilisema tu kwamba mwenyewe hataki. Akashauri nirudi baada ya muda, kwa sababu watu hubadilika. Nikamwambia huyu habadiliki. Nilimaanisha hivyo, na moyoni niliomba iwe hivyo.

Msimu mmoja ukapita, mwingine ukaingia. Kila nilipokwenda nyumbani, jambo la kwanza nililotazama lilikuwa kiuno cha mama. Ule uvimbe mdogo chini ya sweta ulikuwepo, nami nikatulia. Nilikuwa nimesoma, na kichwani nilijua ngozi na kauri haziwezi kumrudisha mtu. Lakini niliutazama hivyo hivyo, na najua nilivyokuwa nikihisi: mradi mama amejifunga, mdogo wangu yuko mahali.

Kisha akaja mtu wa Kedowa aliyekuwa amerudi kutoka nchi ile ile. Tulimtafuta kupitia kwa watu wengi. Mama alimpa chai, akakaa mbele yake.

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mama. Mimi nilisikia tu."

"Ulisikia nini?"

Yule mtu akaeleza, akitazama kikombe. Alisikia kijana wa kwetu aliugua, wakampeleka mahali, na wenzake hawakumwona tena. Jina hakuwa na hakika nalo. Hospitali hakuijua. Hakumaliza chai yake. Mama alimsindikiza hadi langoni, akamshukuru kwa kuja, akachukua kikapu na kwenda kuchuma. Akina mama wa kanisa walitaka kuja kuomba naye, akawaambia bado. Hapakuwa na mwili, na yeye hakutaka watu waketi uani pake kama msibani.

Asubuhi moja ya mvua akanipigia simu.

"Ule mkanda yenu bado iko?"

Kwa sekunde moja nilifurahi kama mfanyakazi. Kisha nikaelewa alichoniambia, nikachukua begi na kwenda nyumbani.

Nilimkuta jikoni, karibu na moto. Sweta lilikuwa limelala bapa tumboni mwake. Leketyet ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku, na sikuweza kuitazama kwa muda mrefu.

"Ulifungua lini?"

"Jana. Nilikuwa nachuma, nikajua. Usiniulize nilijuaje."

Nilitoa mkanda wa lastiki, nikapiga magoti, nikamzungushia. Ilinibidi niukaze mpaka mwisho, maana alikuwa amekonda bila mimi kuona. Kimashine kikawaka taa yake ndogo ya kijani.

"Hii inajua nini?" mama aliniuliza.

"Inajua ukitembea na ukikaa."

"Basi itajua nimekaa."

Kazini msimamizi alinipongeza mbele ya wenzangu. Alisema hivyo ndivyo mtu anavyofanya kazi, kwa subira, kisha akataka kujua ni nini kilichomfanya yule mama abadili mawazo. Nilisema sijui. Ningesema nini? Kwamba tumempata kwa sababu hana tena wa kumngojea?

Wiki ilipoisha nilikwenda kuufuata mkanda. Mvua ilikuwa imekatika, na mama alikuwa ameketi mlangoni. Majani yalikuwa yamepita wakati wa kuchumwa, yamekomaa na kuwa magumu, na kikapu kilikuwa kimening'inia mahali pake. Nilipomwambia kilichonileta, alishika kiuno kwa mikono miwili.

"Niachie kidogo," alisema. "Kiuno imezoea kushikwa."

Nikamwambia haiwezekani, kuna mwenye boma mwingine anayeungojea. Alisimama, akainua sweta, akageuza uso kuelekea ukutani. Nikaufungua.