Mzinga Uliong'aa

Jumapili ile mchana tulikuwa wanne kwenye mkeka: mimi, mdogo wangu wa kike wa kidato cha pili, kitinda mimba wetu wa darasa la nne, na mama jirani, muuza asali aliyehamia Ilembo kutoka Ugalla. Ugali ulikuwa umeshaiva, lakini kwetu hakuna anayenawa kabla ya kusema jambo moja alilojifunza siku hiyo. Sheria hiyo niliiweka mimi. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikaona nitasoma kupitia midomo ya wadogo zangu.

Kitinda mimba alisema popo ananyonyesha. Dada yake akaeleza kwa nini chuma hushika kutu. Ikafika zamu yangu.

"Nimejifunza kwamba nyuki hawanipendi," nikasema.

Wakacheka, lakini mimi sikuwa natania. Mzinga wangu ulikuwa umening'inia mtupu tangu kiangazi, na maua ya miombo yalikaribia kuisha. Nilitaka asali yangu mwenyewe, niache kupalilia mpunga wa watu Mwamkulu.

"Kabla ya kuutundika uliufanyaje?" mama jirani akauliza.

"Niliusugua kwa sabuni ya unga, mama. Nje na ndani. Ulikuwa unang'aa!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu! Ulikuwa unapokea nyuki au padri?"

Kesho yake tuliushusha. Alinionyesha kuusuuza kwa maji matupu, kuuanika hadi harufu ya sabuni iishe, kisha kuupaka nta ndani. Nta yenyewe alitoa yeye. Wiki ya pili kitinda mimba alirudi mbio kutoka shambani: "Dada, wamehamia!" Nilikwenda nikasimama mbali, nikasikiliza ule mvumo mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilimpelekea mama jirani kuku. Akamrudisha. "Mimi nimekufundisha. Na wewe nifundishe kitu nisichokijua, tumalizane."

Nikaona ni rahisi. Nikamwambia habari ya popo.

"Si nilikuwepo?"

Nikajaribu la pili: majivu kwenye maharage yasibunguliwe? "Hiyo nimezaliwa nayo."

Tangu hapo natembea masikio wazi. Namuuliza fundi cherehani, namuuliza mwenye mashine ya kusaga, namuuliza dereva wa bodaboda kwa nini anagonga tairi kabla ya safari. Sijawahi kujua mengi hivi, hata nilipokuwa na daftari. Jioni napita kwake, nasema la siku hiyo, naye anatikisa kichwa huku akichuja asali.

Jana nilimweleza jinsi fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwa beseni la maji. Aliacha kuchuja. Nikadhani nimelipa.

"Hata hiyo naijua," akasema. "Kesho uje mapema."