Nyungunyungu wa Zizi la Baba Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu, mpaka wajukuu wananiuliza bibi umeona nini. Siku hiyo nusura nirudishwe kwa baba yangu kwa sababu ya minyoo. Kaa hapa nikusimulie, maana nakuona na wewe una tabia yangu ya zamani ya kuumia huku umefunga mdomo.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Sisi watu wa milimani Tarime tuliambiwa tushuke, tukashuka na ng'ombe wetu na vyungu vyetu, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba karibu na ziwa, Mkurya hapa, Mjaluo pale. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Mume wangu, Chacha, alikuwa Musoma akifanya vibarua, nami nilibaki na wazazi wake. Baba mkwe alikuwa mtu wa ng'ombe hasa. Samaki alimwita nyoka wa majini, na alikwishatangaza kwamba chungu chenye harufu hiyo hakitaingia katika mji wake.

Basi nikashika mimba yangu ya kwanza. Maziwa, ambayo kwetu ndiyo chakula cha heshima, yakipita tu karibu yangu natapika. Ugali nao ukagoma kushuka. Mtoto wa watu nilitaka samaki! Nikiona moshi wa jirani akibanika, mate yananijaa mdomoni na machozi machoni. Nilikonda mpaka khanga ikawa haikai kiunoni, na sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, na kama mama mkwe hayupo anamwambia ndama, mimi nikiwa nasikia. Usicheke, ndiyo ilikuwa heshima yetu.

Aliyenigundua ni jirani yetu Mjaluo, Mama Atieno. Alinivuta jikoni kwake, akanipa mchuzi wa ngege, samaki mtamu wa ziwani, nikaunywa wote na bakuli nikaliramba. Akanitazama, akasema, "Hapa hakuna ugonjwa. Hapa kuna mtoto wa ziwa." Alikuwa na ufito na ndoana, alivulia ukingoni kwenye matete, lakini uwanja wake ulikuwa mchanga mtupu na chambo kilimpa taabu. "Mimi nina ndoana, wewe una zizi," akaniambia. "Sasa tunalia nini?"

Nyungunyungu wazuri, mwanangu, huwapati kwenye mavi mabichi, yale yana joto na wanayakimbia. Chimba pembeni mwa zizi, pale samadi ya zamani imelala na kushika maji. Utawakuta wekundu, wanene, wanajikunjakunja. Watie koponi pamoja na samadi yao, ufunike kwa jani la mgomba wasikauke. Hayo alinifundisha Mama Atieno, na kila alfajiri nikawa nainama kwenye ua wa zizi na kijiti changu, nachimba upesiupesi, naficha kopo ndani ya khanga, natokomea. Samaki tulipika na kula kwake. Nyama ikaanza kunirudia mwilini.

Sasa wiki moja ndama mmoja akaanza kuharisha. Na asubuhi hiyohiyo baba mkwe akawahi kuamka. Akanikuta nimepiga magoti zizini kwake, nafukua, nachungulia huku na huku, naficha kitu kwenye nguo. Mwanangu, hebu fikiri wewe mwenyewe angewaza nini! Alisimama na fimbo yake, akamwita mama mkwe kwa sauti iliyoamsha majirani.

"Mama Chacha! Njoo umwulize huyu binti anazika nini kwenye zizi langu!"

Nilijua neno linalofuata baada ya hapo. Mwanamke akishaitwa mchawi wa ng'ombe, hakuna mkono wa kumtetea, anafungashiwa vyake na kurudishwa kwao. Nikalitoa kopo, nikalifunua mbele ya mama mkwe. Akachungulia, akaruka nyuma.

"Minyoo!" akasema. "Baba Chacha, ni minyoo mitupu!"

"Mama," nikasema nikiangalia chini, "mwambie baba ni chambo. Cha samaki."

Baba mkwe akamgeukia yule ndama mgonjwa. "Ndama, umesikia? Mtu anatoka kwenye nyumba yenye maziwa, anakwenda kutafuta nyoka wa majini kwa minyoo ya mavi. Mimi siamini. Twende huko ziwani nikaone. Kama hakuna samaki, leo analala kwa baba yake."

Tukaenda. Mimi mbele, mama mkwe katikati, yeye nyuma kabisa na blanketi lake. Mama Atieno akanipa ufito bila kuuliza. Nikatunga nyungunyungu kwenye ndoana, nikamwachia mkia utikisike kama nilivyofundishwa, nikatupa pembeni mwa matete. Baba mkwe akakaa kwenye jiwe, akanipa mgongo kwa heshima. Chelezo changu, kipande cha bua la mtama, kikalala juu ya maji kimetulia tuli. Jua likapanda. Nikaomba Mungu mpaka maneno yakaniishia. Siku zote samaki wanagombania, leo hata dagaa hataki kunijua!

Kisha bua likazama. Halikuchezacheza, lilizama moja kwa moja, na ufito ukapinda ukataka kunitoka. Alikuwa kambare, na mkubwa. Nikavuta, naye akavuta. Miguu ikateleza, nikaingia kwenye tope mpaka magotini na tumbo langu lile, mama mkwe akapiga yowe. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ambayo haijawahi kunisemesha tangu niolewe.

"Vuta, mwanangu! Vuta, usimwache!"

Fimbo iliruka huku, blanketi kule. Mzee wa watu aliingia majini na viatu vyake vya matairi, akashika mwisho wa ule ufito, tukavuta wote wawili mpaka kambare akalala majanini akipigapiga mkia. Baba mkwe akaanza kucheka. Akanitazama usoni, nami nikamtazama. Halafu tukakumbuka, kila mmoja akageukia upande wake. Mama Atieno alikaa chini kabisa kwa kicheko, huku akimweleza mama mkwe kwamba anayedai samaki ni mtoto wa tumboni.

Alipopata pumzi, mzee alisema kwa upole, akiwa amelitazama ziwa, "Huyo mtoto wa tumboni ni wangu. Njaa yake nilistahili kuambiwa mimi kwanza. Kwa nini nisikie kutoka kwa minyoo?"

Nikalia tu. Ilibidi achinje mbuzi kwa kuvunja heshima ile, na wazee walimtania mwaka mzima. Samaki hakumwonja hata siku moja. Lakini tangu kesho yake, kila alfajiri nilikuta kopo kwenye nguzo ya zizi, limejaa nyungunyungu, limefunikwa vizuri kwa jani. Jioni namsikia akimwuliza ndama, ambaye alipona, "Eti leo wameuma?"

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukienda kuishi na watu, heshima yao ishike, lakini shida yako isigeuke siri. Tafuta njia ya kuisema, hata kama ni kwa kumtuma mama mkwe au ndama. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye zizi, ukimkuta mtu anafukua gizani, mwulize kwanza ana njaa ya nini.

Mungu akupe nyumba ambayo ukiteleza kuna mtu wa kutupa fimbo yake na kuingia topeni kwa ajili yako. Na neno hili ninalokuita, mwanangu, nilipewa ukingoni pale, na leo nakupa wewe.