Kengele ya Msiba Asubuhi ya Kimbunga

Kigango chetu, kanisa dogo juu ya mwalo wa wavuvi wa ziwani ulio chini ya Izigo, hakikuwa na kengele ya shaba kama ya parokiani. Tulikuwa na rimu ya lori la jeshi lililokufa barabarani wakati wa vita, mwaka sabini na tisa. Vijana waliifungua, wakaining'iniza mtini, na kazi ya kuigonga kwa nondo akapewa Benigna, mjane mwembamba aliyekaa nyumba iliyo chini tu ya kanisa. Kwa sala aligonga harakaharaka. Kwa msiba aligonga pigo moja, akanyamaza, kisha jingine.

Kengele ya msiba ilikuwa amri. Ikisikika, jembe huwekwa chini na mtumbwi hurudi nchi kavu, maana asiyekwenda kwa mwenzake leo, kesho kwake nani atakwenda? Lakini ulipoingia ugonjwa ule wa kukondesha tulioubatiza Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyovuka mpaka pamoja nao, rimu ikawa hailali. Kuna wiki tulizika watu sita. Vibanja vyetu vya migomba vikaota majani, watoto wakalala na njaa. Mimi, Protase, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa halmashauri ya kigango, nikaandika kwa mkono wangu: kengele ya msiba isipigwe kabla ya saa nane mchana.

Benigna alisikiliza nikimsomea, akauliza, "Waitu Mwalimu, na anayekufa asubuhi je? Asubiri zamu?"

Nilimjibu kwa ukali. Siku zile nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa, kama sote.

Hakuuliza kwa mzaha. Alizaa watoto wanne, na wawili walikwishalala kibanjani, chini ya migomba. Wa tatu, Alistidia, alirudi kutoka Hamugembe, mjini, baada ya kumzika mumewe, naye akiwa mgonjwa tayari, mikono imebaki mifupa. Mzima alikuwa mmoja tu, kitindamimba, Nathanael, mvuvi. Alistidia hakuogopa kufa kama alivyoogopa kulala peke yake. "Mama," alikuwa akisema, "watu wamechoka. Kwangu nani atakuja?" 

Ikafika asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka themanini na saba, saa tatu kasoro. Mitumbwi minne ilikuwa mbali ziwani ikienda kutoa nyavu zilizotegwa jana yake, Nathanael akiwa katika wa mbele. Wavuvi wakaona mbele yao nguzo ya kijivu imesimama juu ya maji, wakafurahi. Kila mwezi mwandamo, vidudu vya ziwani huruka kwa mamilioni na kupanda angani kama moshi wa jiko, na hapo chini samaki hujaa kula. Basi wakageuza mitumbwi, wakaifuata nguzo ile kwa nyimbo.

Benigna alikuwa anafagia uwanja wa kanisa. Kutoka kule juu aliona ambacho aliyekaa mtumbwini hawezi kukiona. Wingu lilikuwa jeusi na tumbo lake bapa, na nguzo ilining'inia kutoka kwenye wingu lenyewe. Wala haikuyumbayumba kama vidudu. Mguuni pake maji yalikuwa meupe, yanazunguka, yanaruka. Kilikuwa kimbunga cha maji, na mwanawe alikuwa anakifuata.

Hapa niruhusiwe kufundisha kidogo, ndiyo kazi niliyolipwa mshahara. Wazee wetu husema ni Mugasha, mwenye ziwa, anafyonza maji kwa mrija kama anywaye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Darasani niliwacheka. Nilichora ubaoni hewa ya baridi ikiteremka usiku kutoka milimani na kukutana juu ya ziwa na hewa ya joto yenye unyevu. Ile ya joto hupanda kwa kasi. Pepo mbili zikisuguana papo hapo, hewa inayopanda huanza kuzunguka, na kadiri inavyovutwa juu ndivyo inavyokuwa nyembamba na kuzidi kasi. Kinachoonekana kama bomba, sehemu kubwa ni mvuke uliogeuka matone, si ziwa linalopanda mbinguni. Hatari ni upepo ulioko mguuni: hupindua mtumbwi, humpokonya mtu kasia, na mara nyingine huja na mvua ya mawe. Kikipanda nchi kavu hung'oa mabati. Ukikiona, usikisogelee, wala usikimbie mbele yake. Kata ubavuni, ukipishe. Yote hayo niliyachora vizuri kwa chaki, na sikuwa nimewahi kukiona hata kimoja.

Benigna akashika nondo. Angegonga ya sala? Wavuvi wetu walimwachia Mungu Jumapili, tena si zote. Ya msiba tu ndiyo ingewarudisha. Lakini kila mtu mwaloni alijua nani alikuwa kitandani. Kuigonga ni kumtangaza Alistidia kuwa amekufa, naye yuko hai, dirisha wazi, anasikia kila pigo. Na kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Mkono ulikataa mara ya kwanza," aliniambia baadaye. "Nikaulazimisha."

Pigo moja. Kimya. Jingine.

Ziwani nyimbo zilikatika. Nathanael hakuuliza ni nani. Aligeuza mtumbwi akapiga kasia huku analia, akimwita dada yake kwa jina, na wenzake wakamfuata. Mtumbwi wa Bartholomayo ulikuwa nyuma, mzito, na upepo ukaufikia karibu na miamba, ukaugeuza kama mtu ageuzavyo kikapu. Wakavutwa nje wote watatu waliokuwamo, Bartholomayo bega limetoka mahali pake. Nyavu hazikuonekana tena. Kimbunga kikapanda ufukoni, kikalaza nusu ya migomba ya mzee wetu Ta Karugendo, kikachukua paa la banda la samaki, kisha kikafia mlimani.

Mimi sikuona lolote. Nilisikia kengele saa tatu asubuhi, nikachukua daftari langu la halmashauri, nikapanda na hasira zangu. Nyumbani kwa Benigna nilikuta umati: wanawake mikono kichwani, wanaume na majembe ya kaburi, wavuvi wamelowa chapachapa. Na mlangoni, juu ya mkeka, amejifunga kitenge, ameshika kikombe cha uji, Alistidia.

"Waitu, nani amekufa?" akauliza.

 Nathanael alianguka akamkumbatia miguu. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha sote tukacheka mpaka machozi, na sijui hata leo yalikuwa machozi ya nini. Mwaka ule wote sikuwa nimeona majembe ya kaburi yakirudi nyumbani bila udongo.

Benigna akateremka, nondo ingali mkononi, akapiga magoti. "Nisamehe, mwana wange. Nimekulilia ungali hai."

Alistidia aliutazama umati ule mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu. "Umewaita saa ya kazi, Mama," alisema, "na wamekuja wote. Sasa siogopi."

Nilikuwa nimekuja kukemea. Nikaliweka daftari kwapani, nikaomba uji.

Alistidia alifariki mwezi wa Julai, saa mbili asubuhi. Nathanael ndiye aliyegonga rimu, maana mama yake hakuweza. Nilikuwa darasani. Nilitazama saa ukutani, nikawaambia watoto wafunge madaftari, nikaenda kuchukua jembe.