Rekodi Inayotumika na Mtu Mwingine

Mimi sina subira na kompyuta, nasema wazi. Ikinigomea nabonyeza "Sawa", nazima, nawasha, basi. Jirani yangu wa meza hapa ofisi ya kumbukumbu za hospitali, tuliyembandika jina la Bi Kwanini, hawezi hivyo. Ujumbe wa kosa ukitokea anausoma kama barua ya mchumba, neno kwa neno, kisha anaunakili kwenye daftari pamoja na saa. Miaka kumi na moja anaingiza taarifa za wagonjwa kwenye fomu zilezile, na bado kosa jipya linamfurahisha. Huwa namwambia, "Dada, wewe una kasoro." Anacheka tu.

Juzi saa tano na robo muuguzi wa wodi ya watoto akaingia anahema. Kuna mtoto wa kike, miaka sita, moyo wake una tundu. Madaktari wapasuaji wageni wako karibu kuondoka, na orodha yao inafungwa saa sita kamili. Mtoto ambaye uzito wake wa siku hiyo haumo, mfumo unamruka, asubiri mpaka warudi mwakani.

"Na huyu mwakani hafiki," muuguzi akasema kwa sauti ya chini.

Bi Kwanini akaandika uzito, akabonyeza "Hifadhi". Fomu ikajibu: "Rekodi hii inatumika na mtu mwingine. Mabadiliko hayakuhifadhiwa."

"Zima uwashe!" nikasema. Akazima, akawasha. Yaleyale. Mimi jasho linanitoka, yeye ameinamisha kichwa, anatazama. Akafungua fomu ya mtoto mwingine, akaihifadhi upya, ikakubali. Kumbe mashine ni nzima, na mtandao upo.

"Mtu mwingine," akasema taratibu. "Nani huyo?"

Ala! Miaka yote naona maneno hayo, sijawahi kujiuliza. Akapekua daftari lake: kosa lilelile, mtoto yuleyule, jana yake na juzi yake, asubuhi tu. Mchana halipo. Akapiga simu maabara: si sisi. Mapokezi: si sisi. Dirisha la dawa: si sisi. Ikabaki kompyuta moja, ile ya stoo ya mafaili, ambayo mzee mtunza mafaili huitumia kutafutia namba za makabati. Saa tano na dakika arobaini. Tukashuka ngazi mbio.

Tukamkuta ameketi, mikono magotini, fomu ya yule mtoto iko wazi mbele yake. Ulimi hauna mfupa, nikamfokea. "Mzee, mtoto wa watu unamtazama kama televisheni? Unajua unachofanya?"

"Ni mjukuu wangu," akasema.

Nikanywea. Hakuna aliyejua. Yeye na bintiye hawajasemezana miaka mitatu, na akakiri mwenyewe kwamba mkosaji ni yeye. Alikwenda wodini, binti akamgeuzia uso. Tangu hapo kila asubuhi anafungua fomu aone mtoto amefika nafasi ya ngapi, na anaiacha wazi mpaka muda wa chakula.

"Leo ni wa pili," akasema. "Sijagusa kitu, wanangu. Naangalia tu."

"Ukiifungua hapo, Mzee, inadhani unaandika," Bi Kwanini akamwambia polepole. "Inatufungia sisi wengine wote. Ndiyo maana uzito wake hauingii."

Mzee wa watu uso ukamshuka. Akashika kipanya kwa mikono miwili, akaifunga fomu.

Tukarudi juu ofisini mbio. Saa tano na dakika hamsini na tatu fomu ikaandika: "Imehifadhiwa." Muuguzi akanikumbatia mimi, ambaye kazi yangu siku nzima ilikuwa kufoka. Nilipogeuka, mzee yuko mlangoni, haingii.

"Imekubali?"

"Imekubali," Bi Kwanini akasema. Kisha, kwa ule udadisi wake usiojua adabu, akamwuliza, "Mzee, huko wodini umekwenda mara ngapi?"

"Mara moja."

Mzee akamtazama muuguzi. "Mama yake yupo?"

"Yupo. Ndiye aliyenituma nikimbie."

Mzee akanikabidhi funguo za stoo, mimi niliyemfokea, akaanza kupanda ngazi za wodini.