Aliyeotea Mlangoni

Enzi zetu vita vilipiganwa juu ya mkeka, na vilikwisha kabla ya adhana ya magharibi. Leo binti yangu Zuhura na wenzake wanaanza kupigana sebuleni kwangu saa nane mchana, na ikifika saa kumi na moja ni jitu moja tu la kufikirika lililopigwa, tena halijafa. Wana kitabu cha kanuni kinene kama tofali, wana dadu za pande ishirini, na kila mmoja ana simu ya kuthibitisha kwamba mwenzake amekosea. Kipigo kimoja hujadiliwa kama muswada bungeni. Nilipowasikiliza vizuri nikagundua kwamba mchezo ni uleule wetu, ila sisi tuliuita mkeka tu.

Nakumbuka likizo ya mwezi wa sita iliyoangukia Ramadhani. Mchana tulijilaza ukumbini, harufu ya mihogo ya nazi ikitutesa kutoka jikoni, nami nikijisifu kwa saumu niliyokwisha kuifungua kisirisiri mtungini. Dada yangu Mwanaidi ndiye aliyekuwa mwenye mkeka: anasimulia, anaamua, anakemea. "Mmefika ngomeni, mlango uko wazi, ndani kunanuka popo." Ngome ilikuwa viberiti vitupu, mashujaa wetu komwe za bao, na dadu ilikuwa moja, imetafunwa pembe na panya, hivyo ilipenda sana kuangukia nne.

Kanuni zilikaa kichwani mwa dada, na zilitosha. Zamu yako ikifika, unasogea na kupiga. Ukiona mambo hayajakaa sawa, unasema "naweka", wengine wanapita, kisha unaingia unapotaka. Ila tangu hapo hiyo ndiyo nafasi yako kwenye foleni. Kubwa kuliko zote ilikuwa kuotea. Unataja kwa sauti unachokisubiri na utakachokifanya, halafu unanyamaza. Adui akikifanya hicho ulichokitaja, unamkatiza katikati ya zamu yake na kurusha dadu. Asipokifanya, zamu yako inayofuata ikianza, kuotea kwako kumekwenda bure. Kulihitaji subira, na mimi nilikuwa na pupa.

Siku tano kabla ya Idi ikaja habari kwamba Bibi yuko peke yake Fukayosi, mpunga umeiva na ndege wanaumaliza. Alitakiwa mtoto mmoja wa kwenda kuamia, yaani kushinda juu ya dungu akifukuza ndege kwa kelele na mawe ya teo. Wavulana tulikuwa wawili: mimi, na Hamisi, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kwetu likizo kutoka Chalinze. Atakayekwenda angeikosa Idi ya mjini, pamoja na pembea, lambalamba na kutembea nyumba kwa nyumba na kanzu mpya kupokea mkono wa Idi. Mama hakutaka kuambiwa amempendelea mwanawe.

"Malizeni wenyewe kwenye huo mkeka wenu," akasema. "Atakayeshindwa, kesho anapanda gari."

Komwe ya Hamisi ilikuwa ndani ya ngome. Yangu ilikuwa nje, imebakiwa na pumzi moja. Hamisi akasema taratibu, "Naotea. Akitia mguu mlangoni, namtandika." Mtu mwenye akili angeweka zamu yake akasubiri. Mimi nikaingia, na Hamisi akanyoosha mkono kuchukua dadu.

Sasa, siku hizo mpira wa redioni nilikuwa nautangaza hata usingizini, na kwenye mpira kuotea ni kosa. Nikachomoa kanga ya Mama kambani, nikaipeperusha juu kama mshika kibendera. "Ameotea! Mwenyewe amekiri!"

Dada, ambaye mpira hakuujua hata kidogo, akaduwaa, akadhani kuna kanuni imempita. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani ameotea?"

Hamisi hakujua kusema uongo. "Mimi, Mama mdogo."

"Basi aliyeotea ndiye atakayekwenda." Mkeka ukakunjwa kupisha futari, dadu ya Hamisi haijarushwa.

Kesho yake nilimwona akipanda gari, kanzu yake mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Niliona haya, haya ya kweli, nikanyamaza. Siku ya Idi nilipanda pembea mpaka nikatapika lambalamba. Hamisi hakuja tena kwetu likizo. Ukubwani tumekuwa tukikutana misibani na harusini, tunaulizana habari za watoto na bei ya mahindi, na habari ya mkeka hakuna anayeigusa.

Jumamosi iliyopita alikuja kunijulia hali, mzee mwenzangu sasa, fundi matairi mwenye mvi. Nilikuwa nimetoka kununua mkate. Nilipofika barazani nikamsikia ndani akihojiana na vijana.

"Ukiotea, Baba mkubwa," Zuhura alikuwa akimweleza, "inakaa mpaka zamu yako inayofuata ianze."

"Na kama mchezo ulikunjwa, zamu haikurudi?"

Nadhani walikuwa wanapekua simu. "Kikanuni bado ipo," kijana mmoja akasema.

"Hata ipite miaka arobaini?"

"Hata mia, mzee."

Nikatia mguu mlangoni. Dadu ya pande ishirini ikanipata katikati ya paji la uso, mkate ukanitoka mkononi. Vijana hawakunitazama hata mara moja. Wote waliinama kuisoma dadu sakafuni.

"Tatu," akasema Zuhura kwa huzuni. "Umekosa, Baba mkubwa."

"Nimekosa? Na nundu ile?" Hamisi akanigeukia. "Shabaha hiyo nimeipata Fukayosi, juu ya dungu. Siku ya Idi niliangusha kwelea saba."

Napenda kuwaambia vijana hawa kwamba sisi hatukuhitaji kitabu, kwamba neno la mtu lilitosha. Ni kweli lilitosha. Kwa neno moja tu nilimwibia ndugu yangu Idi, na kitabu chao kile kinene, ninachokicheka kila siku, kingemwokoa kwa mstari mmoja. Ninaukumbuka ule mkeka kwa mapenzi, na bado unaniuma.

Nikiwa nimeshika paji la uso nikamwambia, "Kuotea kwako hakukuwa kosa, Hamisi. Nilijua tangu siku ile. Nisamehe."

Alimtazama Zuhura. "Mwanangu, hebu niangalizie. Kuomba msamaha kunakula zamu nzima au nusu?"

Zuhura akafungua kitabu kwa bidii zote, akaanza na faharasa. Chai ikaja, mkate ukaliwa, mimi na Hamisi tukaanza kubishana juu ya ile dadu iliyotafunwa na panya, na Zuhura alikuwa bado anatafuta ukurasa.