Mikono ya Shadia Imejifunza

Saa tatu asubuhi, Nikodemu "anajifungua" kwa mara ya nne wiki hii.

Mhudumu huyo wa afya mwenye ndevu nyingi amejilaza kitandani, tumbo bandia limefungwa kiunoni mwake, akigumia kwa bidii hadi wajawazito wanaosubiri nje wanachungulia dirishani wakicheka. Mwanasesere ameshatoka. Sasa damu inachuruzika hadi sakafuni, ingawa kwa kweli ni maji mekundu ya choya.

"Mama anatoka damu nyingi. Nasra, njoo unisaidie. Lete oksitosini," anasema Shadia Haruna, huku kiganja chake kikikanda tumbo.

"Oksitosini, naleta," anajibu Nasra, muuguzi mwenye miezi miwili tu kazini, akiifuata dawa hiyo ya kuzuia damu.

Hapa ni kituo cha afya kando ya barabara ya Kigoma kwenda Kasulu, mbele kidogo ya Kidahwe. Shadia, mkunga mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Ujiji, ndiye anayeongoza zoezi. Ukimwona alivyotulia, huwezi kuamini kwamba mwaka jana aliandika barua ya kuacha kazi.

Ilikuwa 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakivuka kwa maelfu, na mabasi ya kuwapeleka kambini yalipita hapa kila siku. Akina mama waliozidiwa njiani walishushwa kituoni. Idadi ya waliojifungua kwa mwezi ilipanda kutoka arobaini hadi zaidi ya mia moja. Wakunga walibaki wawili.

Agosti hiyo, mtoto mmoja alizaliwa amelegea, halii. Shadia alijua kifuko cha kumpumulishia kilikuwa katika kabati gani. Alikitoa. Lakini barakoa yake aliiweka juu chini, akaigeuza, ikamponyoka. Hakumwita mtu yeyote. Oswald, tabibu wa kituo, alipoingia, muda wa kumwokoa mtoto ulikuwa umekwisha.

"Nilikuwa nimesoma, na mtihani nilifaulu. Lakini mikono yangu haikuwa imesoma," anasema. "Yule mama aliniambia asante. Angenitukana, pengine ningepata usingizi."

Alirudi Ujiji kwa mama yake, Bi Mwamini, anayeuza migebuka sokoni. Wiki mbili alikaa akipanga samaki mezani, barua ikiwa mkobani. Alipomsomea mama yake, Bi Mwamini hakubishana naye.

"Aliniuliza swali moja tu: 'Ukitoka wewe, pale anabaki nani?' Jibu nilikuwa nalo: mkunga mmoja tu."

Barua hiyo hakuipeleka.

Mwezi uliofuata alifika Agnesi Selestini, mkunga mkufunzi kutoka mjini Kigoma, akiwa na wanasesere wawili na saa ya kuhesabia sekunde. Kila Alhamisi aliwafanyisha mazoezi ya dharura kwa saa moja, kama mchezo wa kuigiza. Siku ya kwanza, mwanasesere wa Shadia "alikufa" mikononi mwake. Machozi yakamtoka mbele ya wenzake.

"Nilisubiri anikaripie. Akavuta kiti, akaniuliza, 'Dada, umeona nini?' Nikamwambia nimeona sikumwita mtu. Akasema, 'Haya, huyu hachoki kufa. Rudia.'"

Alirudia mara kumi na moja siku ile. Agnesi aliwafundisha pia kumtaja mtu kwa jina wanapomwagiza, naye arudie agizo kwa sauti, ili lisipotee hewani.

Machi mwaka huu basi lilisimama getini. Goreti, mkimbizi mwenye umri wa miaka 23, hakuwahi hata kufika kitandani sawasawa. Mtoto wa kike alitoka amelegea, rangi ya majivu.

"Ntarira?" aliuliza mama kwa Kirundi. Halii?

Shadia, ambaye bibi yake ni Muha, alimwelewa, kwani Kiha na Kirundi hukaribiana. "Humura," alimjibu. Tulia. Alimkausha mtoto, akamsugua mgongo. Kimya. Akaweka barakoa; safari hii ilikaa. Akabonyeza, kifua kikainuka. Akiwa bado anabonyeza, aliona shuka la mama linalowa damu.

"Oswald, mama anatoka damu. Choma oksitosini, ukande tumbo."

"Oksitosini, nachoma," akajibu tabibu.

"Miaka sita tumefanya kazi pamoja, sikuwahi kumwamuru," anasema Shadia. Oswald anacheka akikumbushwa. "Siku ile sikusikia amri. Nilisikia kazi yangu."

Mtoto alikohoa, akalia kwa sauti nyembamba. Damu ya mama ilipungua. Jioni walipelekwa hospitali kwa uangalizi, na siku ya tatu wakaendelea na safari ya kambini.

Si kila siku huishia hivyo. Julai walimpoteza mtoto mmoja, na mtungi wa oksijeni huwa mtupu mara kwa mara. "Nililia," anasema Shadia. "Lakini tulikaa chini, tukapitia hatua zote, tukajua hatukuacha kitu. Kesho yake niliweza kuingia wodini."

Sasa anataka kuyapeleka mazoezi kwenye zahanati za mwambao wa ziwa, zisizofikika ila kwa boti. Bi Mwamini amemshonea mwanasesere wa kanga, amejazwa pamba. Zahanati ya kwanza ni ya Regina, muuguzi anayefanya kazi peke yake.

Wiki iliyopita Regina alimpigia simu, sauti imejaa shaka. "Dada Shadia, unasema nimwite mtu kwa jina. Mimi hapa nitamwita nani?"

"Una mlinzi?"

"Ninaye. Mzee Feliksi."

"Basi mwambie Jumamosi asiende shamba," Shadia akamjibu. "Tunaanza na yeye."